Mashahidi Weupe

Papasi alikataa kubadilika rangi.

Loi Chibago aliinama akamtazama tena, pua yake karibu iguse kikombe cha kioo kilichofunikwa juu ya mkono wa mdogo wake. Papasi alikuwa ameshiba mpaka miguu haionekani, amevimba kama kunde iliyolowekwa, na tumbo lake lilikuwa jeupe. Jeupe pee. Wenzake wawili waliokuwa naye chini ya kikombe nao walikuwa weupe vilevile.

"Wamenikataa tena," Perusi alisema. Alikuwa amelala ubavu kwenye kitanda cha zahanati, tumbo lake la mimba pevu limeegemezwa kwenye kanga zilizokunjwa. "Dada, hawa wadudu wako wanajua mimi ni ndugu yako. Wanaona aibu kunisema."

"Nyamaza upumzike."

"Nikinyamaza utadhani nimekufa."

Loi hakucheka. Perusi alizaliwa na mzaha, na mzaha wake ukizidi ujue anaogopa. Homa hii ilikuwa ya tatu. Ya kwanza ilimchapa siku kadhaa, ikatoka kwa jasho lililolowesha godoro, akaamka mzima akatwanga uwele. Watu wakasema malaria hiyo, imepita. Ikarudi. Ikaondoka tena, akapika mlenda, akamsuka jirani nywele, akasahau. Sasa ilikuwa imerudi kwa nguvu zote, na imemkuta mtoto amekwisha kugeuka kichwa chini. Mtu yeyote wa kijiji cha Mhamvu angekwambia kwamba hiyo ni homa ya papasi. Hata mbuzi wa Mhamvu wangekwambia. Lakini Kasha halikuwauliza watu wala mbuzi.

Kasha lilijengewa ukutani, mlango wake wa chuma ukubwa wa kabati la vyombo, na juu ya mlango lilikuwa jicho la kioo. Ndani mlikuwa na dawa. Zamani dawa za homa hii ziliuzwa dukani pamoja na sabuni. Watu wakameza nusu dozi, nusu wakaitunza kwa ajili ya shemeji, nyingine wakawapa kuku, mpaka dawa zikachoka moja baada ya nyingine. Iliyobaki ilikuwa moja tu nchi nzima. Ili nayo isichoke ikafungiwa kwenye makasha, na makasha yakafundishwa sharti moja: bila shahidi wa buluu, yaani papasi aliyegeuka rangi kwa damu ya mgonjwa, mlango haufunguki. Ufunguo haukuwepo. Hata waziri angekuja na ving'ora vyake angesimama pale kama mtu mwingine yeyote.

Nesi Matika, mama wa makamo aliyeiendesha zahanati ile peke yake, alimwokota papasi mmoja kwa kibanio akamweka kwenye sahani chini ya jicho. Taa ndogo ikawaka.

"Shahidi mweupe," Kasha lilisema kwa sauti ya mwanamke mpole. "Mgonjwa hana homa ya papasi. Apewe dawa ya kushusha joto, anywe maji mengi, arudi akizidiwa."

"Amekwisha kuzidiwa," Loi alisema.

Kasha halikujibu, kwa sababu hakuna aliyeliuliza kitu.

Matika alishusha pumzi. "Ndivyo linavyosema kwa wote, mtaalamu. Wajawazito wanakuja wanachemka, shahidi mweupe, nawarudisha nyumbani na vidonge vya kichwa. Ukipita nyuma ya kanisa utaviona vile vikaburi. Mimi sipiti tena njia ile." Alisema hayo huku akiwarudisha papasi ndani ya kopo lao la mchanga, mmoja mmoja, taratibu, kama mtu anayerudisha mayai chini ya kuku. Alipofika kwa wa tatu Loi alinyoosha mkono.

"Huyo nipe mimi."

"Wa nini? Si mzima?"

"Sijui. Nipe tu."

Akamtia kwenye chupa ndogo, akaiweka mfukoni, akarudi kumfuta mdogo wake jasho.

Mashahidi walikuwa kazi yake. Kabla yao homa hii iliwacheza shere waganga wote, wa sindano na wa mizizi. Vijidudu vyake vinajaa kwenye damu joto linapopanda, kisha vinajificha, na ukichukua tone wakati mgonjwa amepoa hukuti kitu. Ulimwambia mtu nenda, damu yako safi, na wiki inayofuata unaalikwa matangani. Loi ndiye aliyefikiri kwamba sindano inachukua tone, lakini papasi anakunywa mpaka anapasuka, na hakuna kiumbe anayevijua vijidudu hivyo kuliko yeye. Akawafuga papasi safi kwenye mchanga wa kituo chake cha utafiti mjini, kizazi juu ya kizazi, akaichezea mbegu yao mpaka ikawa wakionja kijidudu kimoja tu matumbo yao yanageuka buluu kabla chai haijapoa. Kila zahanati ya Ugogo ikapelekewa kopo. Watu wakapona kwa maelfu. Wanafunzi wakamwita Mama Papasi, naye, tuseme ukweli, jina lile alilipenda.

Sasa alikuwa ameshika kitambaa chenye jasho la ndugu yake wa tumbo moja, na kazi yake yote ilikuwa imekaa ndani ya kopo, imeshiba na haisemi kitu.

*

Mama yao, Foibe, alikuwa akiishi kwenye nyumba ya saruji aliyopewa na serikali pale matembe ya Mhamvu yalipobomolewa. Nyumba za udongo zina nyufa, nyufa zina papasi. Basi nyufa zikaondolewa. Ilikuwa nyumba nzuri yenye bati na madirisha ya kioo, na Foibe alikuwa akiilalamikia kila siku kwamba haina ubaridi wa tembe wala haimjui mtu.

Siku hiyo hakulalamika. Walimleta Perusi kwa mkokoteni wa punda wakamlaza, na ugali ulipoiva mama aliutenga kisha akakaa mbali nao, ameshika tama.

"Kula, mama."

"Nimeshiba."

"Umeshiba nini? Hujala tangu asubuhi."

Mama aliinuka, akaingia chumbani kwake, akatoka na kitambaa cheusi kilichofungwa fundo. Akakiweka mbele ya Loi. Loi hakuhitaji kukifungua. Alikijua tangu akiwa na meno ya utotoni, kwa sababu yeye ndiye aliyekibeba kifuani siku walipohama kutoka tembe la babu kwenda la baba yao.

Wageni wanaweza kushangaa, lakini ndivyo ilivyokuwa kwa ukoo huu. Mama wa nyumba akihama alikuwa akiwaokota papasi wa nyumba ya zamani, akawafunga kitambaani, akaenda kuwaachia kwenye nyumba mpya. Walisema mwenye kuumwa na papasi wake tangu mchanga, damu yake inawazoea na homa haimwezi. Anayewaacha akaenda kulala kwa watu, akirudi wanamuua. Wataalamu walicheka sana, kisha wakaja wakapima na kukuta wazee hawakukosea sana. Wazo la mashahidi Loi alilitoa humo humo, ingawa kwenye hotuba zake hakuwahi kukitaja kitambaa cha mama.

"Walisema tupulizie dawa, tuwaache wafe," mama alisema. "Wenzangu wote walitii. Mimi niliwaficha kwenye pindo la gauni. Nyumba hii ilikuwa tupu, mwanangu. Nilisema damu yetu isije ikasahau."

"Perusi aliumwa na hawa?"

"Mimba ilipoanza kuonekana, niliwaweka wawili kwenye mkeka wake. Wawili tu. Ili mtoto azaliwe na damu inayojua." Alikigusa kitambaa kwa kidole. "Ni mimi niliyemuua?"

"Hajafa, mama. Yuko chumbani anaomba chumvi."

"Wenzake nao walikuwa wakiomba chumvi."

Loi alitoa hadubini yake ya safari kwenye begi, akakaa barazani penye mwanga, akakifungua kitambaa. Alimpasua papasi mmoja wa mama, akamtandaza kwenye kioo, akatazama. Hakuona kitu. Akampasua mwingine, na mwingine tena. Wote walikuwa safi. Hilo lilimshangaza, kwani papasi wa porini Ugogo nzima walikuwa na ugonjwa. Lakini hawa hawakuwa wa porini. Walikuwa wamekula damu ya ukoo mmoja tangu enzi za bibi wa bibi yake, na katika kuzoeana huko vijidudu vilikuwa vimekwisha siku nyingi.

Akakumbuka chupa iliyokuwa mfukoni.

Alimpasua shahidi mweupe aliyemnyonya Perusi. Alipoweka jicho kwenye hadubini alidhani vumbi limeingia, akafuta kioo, akatazama tena. Pote pamejaa. Vijidudu vyembamba vilivyojikunja kama nyuzi za sweta lililofumuliwa vilikuwa vikijisokota hai, vingi kiasi kwamba hakuona mahali patupu pa kupumzisha jicho. Na tumbo lilikuwa jeupe.

Alielewa yote kwa mara moja. Kwa miaka yote hiyo mashahidi walikuwa wakivionyesha vijidudu vinavyoonekana, na Kasha likaviua. Vile vichache ambavyo shahidi hakuvitambua, vya mbegu iliyobadilika kidogo tu, viliachwa. Navyo vikazaana kwa raha, vikiwa na uwanja wote. Kipimo chake kilikuwa kimewachagulia watu ugonjwa usioonekana, kikauotesha, kikaupalilia.

Lakini si hilo lililomfanya ainuke barazani akashike nguzo. Aliukumbuka ule mkono wa Matika ukiwarudisha papasi kopoani. Papasi huishi miaka, huweza kukaa na njaa muda mrefu, na kuwazalisha ni kazi. Kwa hiyo kulikuwa na kanuni. Wa buluu achomwe. Mweupe ni safi, arudishwe kopoani atumike tena. Na kila mjamzito akija kliniki, mzima au mgonjwa, akunje mkono aumwe, ili asikose kupimwa. Kanuni hiyo iliandikwa kwa nia njema kabisa, na aliyeiandika ni Loi Chibago.

Perusi hakuupata ugonjwa kwenye mkeka wa mama. Aliupata kliniki, siku aliyokwenda akiwa mzima kama kigongo.

"Ni papasi wangu?" mama aliuliza nyuma yake.

"Siyo wako. Wako wazima, mama. Nimewaona kwa macho yangu."

"Ni wa nani basi?"

Neno lilikuwa mdomoni. Lilikuwa neno dogo tu, na mama yake hakuwahi kumgombeza Loi kwa kosa alilolisema mwenyewe. Lakini aliona aibu. Mama alikuwa na picha yake ukutani, ile ya kupewa nishani, ameitundika juu ya picha ya harusi.

"Tutajua," Loi alisema.

Mama alikifunga kitambaa fundo, akaingia nacho ndani.

*

Asubuhi ilikuwa siku ya kliniki. Wajawazito walikuwa wamejaa kwenye benchi la nje, kanga begani, wakisalimiana "mbukwa, mbukwenyi" na kusogezana. Loi aliwapita akimshika Perusi kiunoni. Alikuwa na mpango. Kwanza ampatie mdogo wake dawa, kisha aseme ukweli. Kwa mpangilio huo, kwani kama angeanza na ukweli, Kasha lingefungwa na hakuna mtu ambaye angepata kidonge.

Kila kopo la mashahidi huja na kichupa cha damu yenye vijidudu vya mbegu ya zamani, ili nesi awajaribu kama bado wana akili. Loi alimtoa papasi mmoja mweupe, akamlisha damu ya kichupa kupitia utando wake mwembamba, akasubiri. Tumbo likaanza kugeuka, likawa buluu kama wino. Matika alikuwa amesimama mlangoni na beseni mkononi.

"Matika."

"Mimi nilikuwa nakwenda kumwaga maji," nesi alisema, akageuka akaenda kuyamwaga.

Loi alimweka papasi kwenye sahani. Taa ikawaka.

"Shahidi wa buluu. Mgonjwa Perusi Chibago ana homa ya papasi. Dozi moja kila asubuhi kwa siku saba. Apewe ya kwanza sasa." Droo ndogo ikatoka, na ndani yake kilikuwa kidonge cha njano. Tangu utoto wao Loi hakuwahi kutamani kulia kwa sababu ya kidonge.

Dawa ilimtetemesha Perusi kwanza, kama kawaida yake, meno yakagongana. Kisha akatulia, akalowa jasho, akafungua macho akauliza kama kuna chai. Jirani mwenye mkokoteni akampeleka nyumbani kwa mama. Loi alibaki, akafunga mlango wa chumba cha dawa, akalisogelea Kasha.

"Nina taarifa ya hatari," alisema. "Loi Chibago, mfugaji mkuu wa kituo. Mashahidi hawaoni. Kuna mbegu mpya ya vijidudu isiyowageuza rangi. Tena mashahidi weupe wanaibeba, na wanawaambukiza wanaopimwa. Makopo yote yasimamishwe leo hii."

"Ushahidi?"

"Perusi Chibago. Amejaribiwa mara nyingi, shahidi mweupe. Nimempasua shahidi aliyemuuma, amejaa vijidudu."

"Taarifa inapingana na kumbukumbu ya leo. Shahidi aliyemuuma Perusi Chibago amegeuka buluu. Mashahidi wa Mhamvu wanaona vizuri. Taarifa imekataliwa."

Loi alisimama pale kama aliyemwagiwa maji ya baridi. Alikuwa amefikiria kila kitu isipokuwa hicho. Uongo wake wa saa moja iliyopita ulikuwa umekuwa ndio ushahidi mzuri kuliko wote kwamba hakuna tatizo.

Dirishani aliliona benchi. Matika alikuwa amelitoa kopo akaliweka juu ya meza ya kivulini, na binti wa kwanza kwenye mstari, Sechelela, mke wa fundi baiskeli, mimba yake ya kwanza, alikuwa anakunja mkono huku akicheka kitu alichoambiwa na mwenzake. Mkono wake ulikuwa mnene na mzima. Alikuwa hana homa hata kidogo.

"Matika, subiri," Loi aliita kupitia dirishani. "Usimfungulie mtu kopo."

"Nisubiri mpaka lini? Wametoka mbali hawa."

"Subiri tu, dada yangu. Nakuomba."

Hapo Mhamvu Loi angeweza kuizuia kliniki kwa mkono wake, akamwagia kopo mafuta ya taa yakaisha. Lakini siku ya kliniki ilikuwa ni moja Ugogo nzima. Saa hiyo hiyo, kwenye zahanati zote alizozipelekea makopo kwa furaha, wajawazito walikuwa wakikunja mikono, na wangekunja tena wiki ijayo na nyingine. Kulikuwa na njia moja tu ya kuizuia mikono hiyo yote, nayo ni kuliambia Kasha kwamba shahidi wa leo alighushiwa. Na sheria ya kughushi Loi aliijua: dawa iliyotolewa kwa shahidi wa uongo husimamishwa papo hapo. Dozi moja hushusha homa tu. Haifiki kwenye ubongo, haifiki kwenye kizazi. Bila zilizobaki homa ingerudi, na mtoto yule asingeivumilia ya nne, na pengine hata mama yake.

Akawaza asubiri siku saba. Perusi amalize, kisha aseme. Siku saba ni nini? Alijiuliza hivyo, na hapo hapo akaona anavyojiuliza, kama mtu anayepunguza bei ya kitu cha mwenziwe. Siku saba ni mikono mingi mno. Alijaribu kumwazia Perusi, akaona mkono wa Sechelela. Alijaribu kumwazia Sechelela, akamsikia Perusi akiomba chai. Alimchukia kila mwanamke aliyekuwa kwenye benchi lile kwa kuwa mzima. Alijichukia zaidi. Akapiga moyo konde, na machozi yalikuwa yakimtiririka wazi wazi bila kuyafuta.

"Shahidi wa buluu wa leo nilimlisha mimi," alisema. "Damu ya kichupa. Ni uongo. Perusi alipimwa na shahidi akawa mweupe, na ndani yake mlikuwa na vijidudu. Angalia." Akaweka kioo cha jana chini ya jicho.

Taa ndogo ikawaka.

"Taarifa imepokelewa. Mashahidi wote wamesimamishwa, makopo yote yamefungiwa. Dawa ya Perusi Chibago imesimamishwa." Ndani ya ukuta kitu kilijifunga, tik, kama mlango wa saa. "Mashahidi wa kituo hawatapokelewa tena, kwa kuwa wameuma wengi na haijulikani vijidudu ni vya nani. Mpaka watakapopatikana wapya, makasha hayatafunguka."

"Kwa mtu yeyote?"

"Kwa mtu yeyote. Isipokuwa zahanati yenye papasi safi wa asili, asiye wa kituo. Alishwe kwa mgonjwa, apasuliwe mbele ya jicho. Vijidudu vikionekana, dawa itatolewa. Je, mnaye papasi safi wa asili?"

Sharti hilo lilikuwa la zamani, la kabla ya mashahidi, na lilikuwa limebaki humo kwa sababu hakuna aliyekumbuka kulifuta. Papasi safi wa asili. Nani anaye Ugogo hii? Loi alilitazama lile jicho la kioo, na polepole kitu kikamfunguka kifuani.

"Tunaye," alisema. "Tunao wengi. Nawaleta sasa hivi."

Nje, wanawake walikuwa wameanza kunung'unika. Sechelela alikuwa ameshusha mkono wa gauni. "Tumepoteza siku nzima bure," alimwambia Loi alipopita. "Mngetuambia mapema."

"Ni kweli," Loi alisema. "Tungewaambia mapema."

*

Alikwenda karibu kukimbia. Njiani alikuwa akipanga kwa sauti, kama kichaa: homa itakaporudi, na itarudi, wawili wa mama watamnyonya Perusi, mmoja atapasuliwa mbele ya jicho, mwingine atabaki akiba. Waliobaki watazalishwa. Atawagawa kwa wagonjwa wote wa Mhamvu, kisha vijiji vya jirani. Kitambaa cheusi cha mama. Alitaka kucheka. Angemwambia mama yote, sasa hivi, mbele ya ile picha, angeitelemsha mwenyewe.

Harufu ya mafuta ya taa ilimpokea kabla hajafika uani.

Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele ya jiko la mkaa. Pembeni mwake palikuwa na dumu lililofunguliwa na ufagio. Kwenye mkaa kulikuwa na kipande cheusi cha nguo kilichobaki pindo tu, nacho kikimalizika.

"Nimewachoma wote," mama alisema. "Hata wale wa kwenye ufa wa mlango, niliwatoa kwa sindano. Nyumba ni safi sasa. Usiwe na wasiwasi tena, mwanangu."

Loi alipiga magoti, akaingiza mkono jikoni kabla mama hajamzuia. Pindo lilivunjika vidoleni likawa majivu. Akapekua kwa kijiti, akapekua ufagio, akapekua vumbi la barazani, alipowapasulia jana. Hakukuwa na kitu.

"Nilikwambia siyo wako," alisema. Sauti yake ilikuwa imetoka ndogo. "Mama, nilikwambia wako wazima."

"Ulisema." Mama alimshika mkono ulioungua akaupulizia, kama alivyokuwa akifanya zamani. "Lakini nilipokuuliza ni wa nani, ulisema tutajua. Nikajua unanifariji tu. Usinifiche kitu, Loi. Mimi ni mtu mzima, kosa langu nalibeba."

Loi alifungua mdomo. Kabla neno halijatoka, Perusi alijitokeza mlangoni, kanga kifuani, uso umepauka lakini macho yameng'aa. Alikuwa ameshika bakuli la mlenda na alikuwa anakula akiwa amesimama, jambo ambalo mama huwa halikubali.

"Dawa yako kali, dada," alisema. "Ilitaka kuning'oa meno. Lakini mtoto amecheza leo, nawaambieni, amenipiga teke mpaka bakuli likamwagika. Njoo uguse hapa." Hakungoja, akauchukua mkono wa Loi, ule wenye majivu, akauweka ubavuni mwa tumbo lake. Kweli alikuwa akicheza.

"Kesho twende saa ngapi kuchukua ya pili?" Perusi aliuliza.

Mama aliwatazama wote wawili. Mtoto alipiga teke tena, chini kidogo ya kiganja.

"Asubuhi," Loi alisema. "Kama leo."